Kutoka nkula mpaka lampu: rangi ya kucha na wale wanaoipaka

Tulipotangaza katika mkutano wa chama kwamba safari hii tutaandika juu ya kucha, wenzetu wengine walicheka. Mzee mmoja alituuliza: "Mwalimu, mila zimekwisha zote mpaka tufike kwenye verni?" Tulimjibu kwa heshima kwamba mwanamuke hakungoja meli ya Wazungu ndipo aanze kujipamba. Na anayetaka kujua desturi zetu zimefika wapi, asiangalie tu masanamu ya nyumba ya makumbusho. Aangalie pia mikono ya wamama sokoni.

Tena iko sababu nyingine. Hapa Lubumbashi wapakaji wa kucha wanapima jambo zito kwao: wahamie kwenye verni ya lampu, ile wateja wanaita permanenti, ama wabaki na verni ya kawaida? Tuliketi nao mchana mmoja katika saloni ndogo ya komini Kenya, sisi walimu wawili na wao wanne: mama mwenye saloni, wasichana wawili wanaomsaidia, na kijana mmoja anayetembeza chupa zake barabarani. Tulifikiri watazungumza juu ya feza tu. Kumbe, maswali yao yalikuwa yale yale ambayo wazee wetu walikuwa nayo mbele ya kila rangi: itakaa muda gani, na itatoka namna gani?

Tuanzie nyuma. Katika nchi hii ya Katanga, rangi nyekundu ya zamani ni nkula. Waluba na Wabemba wanaijua kwa jina hilo. Inatoka katika mti wa mukula, ule ambao magari makubwa yaliubeba miaka ya 2016 na 2017 kwa njia ya Zambia kuelekea China, mpaka mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa kulinda miti na nyama wa pori ukauweka katika orodha ya miti ambayo biashara yake inachungwa. Vijana wengi wanaujua mukula kama mbao za kuuza. Mabibi waliujua kama unga: walisugua moyo wa mti, wakachanganya unga ule na mafuta, wakapaka mwili. Nkula ilikuwa pahali pa mambo makubwa, pamoja na pemba nyeupe: msichana aliyetoka kufundwa, mzazi, mtu wa mizimu. Haikuwa rangi ya kucha peke yake, ilikuwa ya ngozi nzima. Na ilitoka kwa maji na kusugua. Aliyepakwa leo, kesho kutwa alikuwa amerudi kama watu wengine. Hiyo haikuwa kasoro, ju rangi ile ilionyesha wakati fulani wa maisha, na wakati ukipita, rangi nayo inapita.

Hina ni habari nyingine. Ni jani la Uarabuni, la India na la pwani, na watu wa pwani ndio walioingia Maniema na desturi zao katika karne ya 19. Tunajua historia hiyo ina damu: mauaji ya soko la Nyangwe mwaka 1871, biashara ya watumwa na pembe, utawala wa Tippu Tip kule Kasongo, halafu vita vya 1892 mpaka 1894 kati ya Waarabu na Serikali Huru ya Kongo. Lakini watu hawachukui vitu kwa namna wanavyoandikwa katika vitabu vya historia. Kiswahili hiki tunachokiandika kilikuja kwa njia zile zile, na hakuna anayekitupa. Katika familia za Waislamu, bibi-arusi hupakwa hina mikononi na miguuni mpaka leo.

Tuseme kidogo namna inavyofanya kazi, ju wanafunzi wetu wanapenda kuuliza. Jani linakaushwa, linatwangwa, linachanganywa na maji na ndimu. Unapaka, unafunga kitambaa, unalala nayo. Asubuhi kucha ni za rangi ya chungwa, na kesho yake zimekuwa nyekundu ya kahawia. Ndani ya jani iko rangi inayoshikana na ukucha wenyewe, haikai juu yake kama rangi ya ukuta. Kwa hiyo hakuna dawa ya kuitoa. Ukucha wa kidole cha mkono unakua karibu milimita 3 kwa mwezi, basi hina inapanda polepole kuelekea ncha, na baada ya miezi sita hivi umeikata yote. Mwenye kuolewa anahesabu siku za ndoa yake kwenye kucha. Hakuna aliyemwita mpakaji arudi kumtoa hina.

Hata vile, uvumilivu haukutosha kwa kila mtu. Wengine hawakutaka kungoja usiku mzima, wakataka rangi nyeusi ya upesi. Ndipo pwani na miji mingine ikaenea ile piko, ambayo mara nyingi ni unga wa kupakia nywele rangi, umechanganywa na hina ama umewekwa peke yake. Unga huo una kemikali inayowasha ngozi ya watu wengine mpaka inafanya malengelenge, na mtu akisha kuchokozwa nayo mara moja, mwili haumsahau adui wake. Tunaomba msomaji aishike habari hii, tutairudia.

Verni ya chupa tunayoijua ni mtoto wa karne ya 20. Marekani walianza kuuza verni ya maji ya Cutex mwaka 1917, na kampuni ya Revlon ilizaliwa mwaka 1932 juu ya bidhaa moja tu, verni ya kucha. Kitu kinachoifanya ing'ae ni nitroselulosi, ndugu wa ile iliyotumika katika rangi za magari za miaka ile ya 1920. Imeyeyushwa katika maji makali. Ukipaka, maji yanaruka hewani, ngozi nyembamba inabaki juu ya ukucha. Hapo hakuna kushikana kama kwa hina. Ukileta asetoni kidogo juu ya pamba, dakika moja imetoka. Mwanamuke anaipaka mwenyewe, anaitoa mwenyewe. Bibi mmoja wa jirani yetu alikuwa akipaka Jumamosi jioni kwa ajili ya sherehe na kuitoa Jumapili alfajiri kabla ya misa, na hakuna padri aliyejua kitu.

Sisi tuliosoma katika miaka ya 1980 na 1990 tunakumbuka ukaguzi wa kucha. Jumatatu mbele ya darasa, mikono juu ya meza, na rula ya mwalimu tayari. Kucha ndefu ilikuwa uchafu, kucha yenye rangi ilikuwa uhuni. Leo ni sisi walimu, na tunakiri kwamba rula ile iliacha kitu ndani yetu: hata sasa tukiona kucha ndefu nyekundu za mwanafunzi, mkono unatafuta rula kabla akili haijafikiri.

Halafu wakaja vijana wa chupa. Kila mkaaji wa mji anawajua: kijana na sanduku lake dogo ama beseni, ndani mna chupa za rangi zote, mkasi, brashi, jiwe la kusugulia visigino. Anagonganisha chupa mbili, ti-ti-ti, na sauti hiyo inaingia ndani ya kiwanja kabla yake. Kinshasa wanao, Lubumbashi tunao. Wanaume wazima wanakaa juu ya kiti cha plastiki mbele ya duka, wanatoa miguu, wanakatwa kucha na kusafishwa, bila haya. Kazi hii kijana anaianza na mtaji wa chupa chache tu. Haiombi kodi ya nyumba wala umeme. Wengi wa vijana wale walishindwa kulipa masomo. Tumewafundisha wengine wao sisi wenyewe.

Sasa tufike kwenye lampu. Mzizi wake uko kwa madaktari wa meno. Mwaka 1954, daktari wa meno mmoja wa Marekani, Frederick Slack, alivunja ukucha akautengeneza kwa akriliki ya kazini mwake, na kutoka pale zikaja kucha za bandia za unga na maji. Jamii hiyo hiyo ya kemikali, metakrilati, ndiyo iko ndani ya jeli. Jeli za kwanza zilikuwa nzito. Ilikuwa karibu na 2009 na 2010 ndipo Gelish na Shellac zilipoleta jeli inayopakwa kwa brashi sawa vile verni, kisha mkono unaingia chini ya lampu. Jeli haikauki kwa hewa. Mwanga ndio unaoamsha kitu kilicho ndani yake, na vipande vidogo vinashikana kuwa mnyororo mmoja mgumu. Lampu ya LED inafanya kazi hiyo kwa nusu dakika ama dakika moja kila mpako, lampu ya zamani ya neli kwa dakika mbili. Inang'aa wiki mbili, wiki tatu, hata kwa mama anayefua.

Kijana wa chupa ndiye aliyesema kwanza. "Mama, ukinunua lampu, mimi nimekufa. Wateja watakuja kwako mara moja, hawatanisikia tena nikipita."

Mama mwenye saloni akamjibu: "Mutoto wangu, hata mimi sijui kama nitapata. Mteja wa verni anarudi kila wiki. Wa permanenti anarudi baada ya wiki tatu. Nitamlipisha mara tatu? Atakubali?"

Msichana mkubwa akaongeza jambo ambalo hatukulifikiria. Mteja wa permanenti lazima arudi, hata kama hana feza, ju hawezi kuitoa mwenyewe. Kuitoa ni kukwaruza juu kwa tupa, kuweka pamba yenye asetoni, kufunga kila kidole na karatasi ya aluminiamu, kungoja dakika 10 mpaka 15, kusukuma polepole. Wale wasiorudi wanaing'oa kwa meno ama kwa kisu, na tabaka za ukucha zinatoka nayo. "Yaya," akamwambia mama, "nimeona kucha nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Halafu wanasema ni sisi tuliwaharibia."

Kwa maoni yetu, hapo ndipo pahali ambapo rangi hii imeachana na zote zilizotangulia. Nkula ilioshwa. Hina ilikua na ukucha mpaka ikakatwa. Verni ilitoka kwa pamba. Hii ni ya kwanza ambayo aliyeivaa hana nguvu juu ya mwisho wake. Mpakaji akiikubali, anakubali kazi mbili, na ya pili, ile ya kutoa, wengi hawaihesabu katika bei.

Swali lingine ni la umeme. Lampu ikizimika katikati, ama neli zake zikizeeka, jeli inakuwa ngumu juu na mbichi chini. Vilevile ukichukua chupa ya kampuni moja na lampu ya nyingine isiyopatana nayo. Jeli mbichi ikigusa ngozi, ndiyo inayoleta ile shida ya piko: mwili unaijua kama adui, kwa maisha yote. Chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilionya juu ya jambo hilo mwaka 2018. Aliyepata mzio huo anaweza kupata taabu siku anapohitaji dawa ya kuziba jino ama saruji ya mifupa, ju nazo ni za jamii ya metakrilati. Na mpakaji ndiye anayeigusa kila siku. Msichana mdogo, ambaye hakuwa amesema neno, alitutolea mikono: ncha za vidole zimepasuka. Alikuwa amefanya miezi mitatu pahali pengine, bila glavu, akifuta jeli iliyozidi kwa kidole chake.

Mwanga wenyewe nao umechunguzwa. Mnamo Januari 2023 wataalamu wa chuo kikuu cha California, San Diego, walitangaza kwamba seli zilizowekwa chini ya lampu dakika 20 zilikufa kati ya asilimia 20 na 30. Hizo zilikuwa seli ndani ya vyombo, si mkono wa mtu, na hakuna anayeweka mkono dakika 20 mfululizo. Tusiwaogopeshe wamama bure. Lakini kinachotuhangaisha zaidi ni hiki: kutoka tarehe 1 Septemba 2025, Umoja wa Ulaya umekataza katika vipodozi kitu kinachoitwa TPO, kimoja cha vile vinavyoamsha jeli chini ya lampu. Chupa zilizokatazwa kule zinaweza kutafuta soko pengine. Bidhaa zetu zinatoka China na Dubai, zinapita Dar es Salaam, zinaingia kwa Kasumbalesa, na mara nyingi maandishi ya chupa hayasomeki ama hayapo kabisa.

Tulisoma pamoja chupa tatu zilizokuwa mezani. Moja iliandika vitu vyake vyote, TPO ndani. Ya pili iliandika jina la rangi tu. Ya tatu ilikuwa na maandishi ya Kichina, na katika sisi sita hakuna aliyeweza kusema neno. Mama akaziweka mbili za mwisho kando, akafunika beseni.

Mwishowe alisema atanunua lampu moja, na glavu, na bei ya kutoa ataiandika ukutani pamoja na bei ya kupaka, ili mteja aione kabla ya kukaa. Miguu itabaki ya kijana, kwa verni ya kawaida, ju ukucha wa mguu unakua polepole zaidi na haugombani na sabuni. Kijana alifikiri kidogo, akauliza kama anaweza kuacha sanduku lake pale usiku. Mama akasema ndiyo. Kisha akatoka, na tukamsikia akigonganisha chupa zake mpaka kwenye kona ya barabara.