Kariakoo ni Neno Gani?

Ndugu msomaji, majina ya mitaa yetu tunayatamka kila siku bila ya kuuliza yametoka wapi. Chukua Mchikichini, mjini Dar es Salaam. Jina hili halimpi mtu tabu: mchikichi ni ule mti wa mawese, na Mchikichini ni pale penye mchikichi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu: walitazama kilichopo mahali, wakapaita kwacho. Mnazi Mmoja ni hivyo hivyo, na Gerezani vile vile.

Lakini toka Mchikichini uingie Kariakoo, jirani yake. Hapo Kiswahili chako hakikusaidii. Si mti, si kisima, wala si jina la mtu. Asili yake ni maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Yalipita katika ndimi za watu wetu mpaka yakawa Kariakoo.

Khabari yake ni hii. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi yetu. Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa maradhi ya mbung'o. Basi mizigo ya vita ikatwikwa vichwani mwa watu. Wako walioajiriwa, na wako wengi waliochukuliwa vijijini kwa nguvu. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wao waliwekwa kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Vita vikaisha Novemba 1918. Mwaka 1923 jengo likafunguliwa kuwa soko, na jina la kambi likabaki.

Je, waliolala katika kambi hiyo walipata nini? Katika madaftari ya Waingereza peke yao waliandikwa wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaona hesabu ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, homa, njaa na uchovu. Walizikwa njiani, makaburi yao hayana alama. Na ujira wa wengi wao haukuwafikia warithi.

Leo jina hili lina matumizi mengi. Ni mtaa na ni kata. Ni soko, ambalo jengo lake lililochorwa na Beda Amuli lilijengwa miaka ya 1970 na kuungua Julai 2021. Kwa mfanyabiashara wa mkoani au wa nchi jirani, kwenda Kariakoo ni kwenda kununua mali ya jumla. Kwa wapenzi wa mpira, watani wa Kariakoo ni Simba na Yanga. Nairobi ipo Kariokor, kwa asili ile ile. Na Unguja ipo Kariakoo yao, ambako watoto hupelekwa kucheza siku za Idi.

Basi tazama, msomaji, jinsi jina la dhiki lilivyokuwa jina la riziki na furaha. Hilo si baya, nasi tumshukuru Mwenyezi Mungu. Baya ni kusahau. Dini imetufunza kumlipa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hata leo Kariakoo wamejaa mahamali na wasukuma mikokoteni. Anayemtwika mwenziwe mzigo kisha akampunja au akamzungusha kwa malipo yake, huyo anairudia dhulma ile ile ya vita, ijapokuwa ni kwa shilingi chache.

Kwa hivyo, utakapokwenda Kariakoo na mwanao, mweleze maana ya jina. Mlipe aliyekubebea mzigo kabla hujaondoka. Na uwaombee rehema wale waliobeba mizigo ya watu wengine wasirudi kwao.