Haipothalamasi: Jina la Mahali na Majina ya Kazi

Istilahi za viungo vya mwili hutungwa kwa njia mbili kuu: ama kiungo huitwa kwa mahali kilipo, ama kwa kazi kifanyayo. Historia ya haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, yatuonyesha njia ipi hudumu zaidi.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1893 na Wilhelm His, mtaalamu wa anatomia kutoka Uswisi. Maana yake ni "chini ya thalamasi", bila kutaja kazi yoyote.

Mwaka 1901 Alfred Fröhlich wa Vienna alieleza habari za mvulana mnene aliyekuwa na uvimbe penye tezi ya pituitari, na wengi wakadhani tezi ndiyo chanzo cha unene. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson, huko Chicago, waliharibu sehemu ya haipothalamasi ya panya pasipo kuidhuru tezi. Panya wakanenepa mno. Mwaka 1951 Anand na Brobeck waliharibu pande zake za nje, na panya wakaacha kula. Ndipo yalipoenea majina "kituo cha shibe" na "kituo cha njaa".

Majina hayo yalipendeza, lakini yalisema mno. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ya athari hizo zilitokana na kukatika kwa nyuzi za neva zipitazo tu mahali hapo. Tena, mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, New York, lilitambua jeni ya homoni itolewayo na seli za mafuta. Homoni hiyo huiarifu haipothalamasi hali ya akiba ya mwili, nayo hurekebisha hamu ya kula na matumizi ya nishati. Iliitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Kumbe watu wengi wanene wanayo tele.

Kwa hiyo twapendelea haipothalamasi ibaki na jina lake, wala isifasiriwe "tezi ya njaa", kwani si tezi na kazi zake si njaa peke yake. Aidha, mfasiri asiandike ulafi palipokusudiwa unene. Ulafi ni tabia ilaumiwayo. Unene ni hali ya mwili. Mgonjwa asomaye kijitabu cha afya asihukumiwe na neno kabla hajaonana na daktari.