Dola 18 na kitabu cha Baghdad



Msimu uliopita, kikundi cha walimaji ninachosaidia kwenye tambarare ya Ruzizi kilikuwa na magunia 14 ya mahindi ya kufikisha Uvira. Pikipiki ziliomba dola 5 kwa kila gunia. Kamioni iliomba dola 60 za kukodi, tena dola 2 kwa kila gunia juu ya kupakia na kushusha. Wakaniuliza: "Agronomu, tufanye namna gani?" Bila kuandika hata namba moja, nikasema kamioni. Tulilipa dola 88. Pikipiki zingetuomba 70. Dola 18 za watu zikaenda hivyo, na mimi niko na lisansi!

Shuleni nilikariri: namba ikivuka upande, inabadilisha alama. Nilipita mtihani, kiisha nikaacha x kwenye ubao. Historia njo ilinifungua macho.

Karibu mwaka 820, al-Khwarizmi, msomi wa Baghdad, aliandika kitabu ambacho kilizaa jina la aljebra. Alisema wazi kwamba kinasaidia watu katika kugawa urithi, biashara, kesi na kupima ardhi. Hakuwa na x wala alama ya kujumlisha. Aliandika yote kwa maneno, na kile asichojua alikiita "kitu". Kazi zake kubwa zilikuwa mbili. Al-jabr ni kurudisha kilichopunguzwa, kwa kuongeza sawasawa pande zote mbili. Al-muqabala ni kuondoa pande zote mbili vitu vya aina moja. Basi hakuna namba yoyote inayovuka. Ni mizani: unachofanya huku, fanya na kule.

Tujaribu. Ni magunia mangapi yanafanya bei zilingane? Tuite magunia x.

Pikipiki: 5x. Kamioni: 60 + 2x.
Tulinganishe: 5x = 60 + 2x.
Toa 2x kila upande: 3x = 60.
Gawanya kila upande kwa 3: x = 20.
Hakikisha: 5 × 20 = 100, na 60 + 2 × 20 = 100. Sawa.

Grafu zilikuja nyuma sana. Mwaka 1637, Mfaransa Descartes alichapisha La Géométrie, akaunganisha aljebra na michoro. Toka hapo, hesabu inaweza kuonekana kwa macho. Weka magunia kwenye mstari wa kulala na dola kwenye mstari wa kusimama. Mstari wa pikipiki unaanza kwa 0, wa kamioni kwa 60. Inakutana kwenye gunia la 20, kwa dola 100. Kabla ya 20, pikipiki iko chini, ni bei nafuu. Kupita 20, kamioni njo iko chini. Magunia yetu 14 yalikuwa kabla.

Nilirudi kwa kikundi, nikaomba msamaha, nikachora mistari ile kwa kijiti juu ya udongo. Mama mmoja, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, akaangalia kidogo, akasema: "Basi tukiungana na jirani tufikishe 25, kamioni ni yetu."

Nikahesabu: pikipiki 125, kamioni 110. Mama alikuwa na haki.

Msimu huu tunahesabu kwanza magunia ya jirani. Yakipita 20, tunaita kamioni.