Moyo Haungoji Hospitali

Zamani, mtu ambaye moyo wake ulisimama ghafla alihesabiwa kuwa ameshakufa. Mwaka 1947, mjini Cleveland, Marekani, daktari Claude Beck aliurudisha kwa shoti ya umeme moyo wa mvulana wa miaka 14, lakini kifua kikiwa kimepasuliwa katika chumba cha upasuaji. Mwaka 1960, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, wakaonyesha kuwa mikono mitupu, ikikandamiza kifua kwa nje, huweza kusukuma damu mpaka msaada ufike.

Hata hivyo, wengi walikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Frank Pantridge, daktari wa moyo wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, hakukubali hali hiyo. Mwaka 1966, yeye na mwenzake John Geddes walipakia kwenye gari la wagonjwa mashine ya kushtua moyo, yenye uzito wa kilo 70 hivi, iliyotumia betri za gari. Sasa tiba ndiyo iliyomfuata mgonjwa alikoangukia.

Gari la Belfast lilibeba daktari. Mji wa Pittsburgh, Marekani, ambako polisi ndio waliowabeba wagonjwa, ulithubutu zaidi: kuwafundisha kazi hiyo watu wasio madaktari. Mwaka 1967 ilianzishwa huduma ya Freedom House. Watu weusi wa eneo la Hill District, wengi wao wasio na ajira, walifundishwa kwa mpango wa Dk. Peter Safar. Baadaye, chini ya Dk. Nancy Caroline, walisoma mapigo ya moyo kwenye mashine na kutoa dawa papo hapo mtaani. Mji uliifunga huduma hiyo mwaka 1975, na wengi wa mashujaa hao wakasahauliwa. Hiyo ni dhuluma.

Seattle, pia Marekani, ikawakabidhi zimamoto ujuzi huo mwaka 1970, kisha mwaka 1972 ikaanza kuwafundisha raia wa kawaida. Sababu ni moja: kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa moyo, uwezekano wa kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10.

Foleni zinazochelewesha magari ya wagonjwa katika miji yetu hazitaisha kesho, lakini mikono tunayo. Mtu mzima akianguka, haitiki wala hapumui sawasawa, ita msaada. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua chake, mkono wa pili juu yake, ukandamize kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Jifunze sasa, na umfundishe jirani yako.