Eddie Robinson: Kocha Aliyebaki Grambling

Kila mwaka, katika somo la historia ya Marekani, wanafunzi wangu hunirudishia swali lilelile: mtu anayejenga taasisi bora ndani ya mfumo wa kibaguzi, je, anaupinga mfumo huo au anausaidia udumu? Wengi hutarajia nijibu kwa kumtaja mwanasiasa au mchungaji. Mimi humtaja kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani.

Eddie Robinson alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Jackson, jimbo la Louisiana. Baba yake alilima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Mama yake alifanya kazi za ndani. Jimbo hilo ndilo lililozaa shauri la Plessy dhidi ya Ferguson, ambalo mwaka 1896 liliipa Mahakama Kuu ya Marekani nafasi ya kuhalalisha utengano wa rangi. Robinson alikulia Baton Rouge, mji wenye chuo kikuu kikubwa cha jimbo, lakini chuo hicho hakikuwa na nafasi kwa kijana mweusi. Alikwenda Leland, chuo kidogo cha Waafrika Wamarekani, akawa ndiye mrushaji wa mpira na kiongozi wa mashambulizi ya timu. Alipohitimu, alipata kibarua katika kiwanda cha kusaga chakula cha mifugo, kwa senti 25 kwa saa.

Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 22, aliajiriwa kuwa kocha katika chuo cha watu weusi kilichokuwa kijijini kaskazini mwa jimbo, ambacho baadaye kilijulikana kama Grambling. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko nyenzo. Robinson alifundisha pia mpira wa kikapu, alifyeka uwanja, alichora mistari yake kwa mkono, na baada ya mechi aliandika habari zake na kuzipeleka magazetini. Timu iliposafiri, wachezaji walikula mikate iliyoandaliwa mapema, kwa kuwa migahawa ya njiani haikuwahudumia. Msimu wa kwanza alishinda mechi tatu na kupoteza tano. Msimu wa pili timu yake ilishinda mechi zote tisa bila kufungwa hata pointi moja.

Nakiri kwamba zamani nilimsoma Robinson kwa shingo upande. Hakuwa mtu wa maandamano. Katika miaka ambayo vijana wenzao wa wachezaji wake walikuwa wakipigwa na kufungwa jela kusini mwa nchi hiyo, yeye aliwasisitizia wanafunzi nidhamu, masomo na uzalendo. Alipita bwenini asubuhi akigonga kengele ili wasikose vipindi. Nilidhani huo ulikuwa utiifu uliovishwa joho la elimu.

Kilichonibadilisha ni kufuatilia matokeo ya kazi yake. Mwaka 1949, Paul Younger wa Grambling alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuingia katika ligi kuu ya kulipwa. Zaidi ya 200 walimfuata katika soka ya kulipwa. Hata hivyo nafasi moja iliendelea kulindwa: ile ya mrushaji mpira, ambaye husoma mchezo na kuwaamuru wenzake. Ilisemwa, waziwazi na kwa minong'ono, kwamba mtu mweusi hana akili ya kuongoza. Robinson aliishambulia imani hiyo kwa mazoezi. Mwaka 1969 mwanafunzi wake James Harris alianza mechi ya ufunguzi wa msimu akiwa mrushaji wa Buffalo Bills. Tarehe 31 Januari 1988, mwanafunzi wake mwingine, Doug Williams, aliiongoza Washington kuishinda Denver 42 kwa 10 katika fainali ya Super Bowl, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Hoja ya akili ilijibiwa mbele ya mamilioni ya watazamaji.

Lakini tusiishie kwenye shangwe, maana somo gumu linaanzia hapo. Utengano ulipoanza kuvunjwa, vyuo vikubwa vya kusini viligundua ghafla vipaji walivyovipuuza. Wilbur Jackson alijiunga na Alabama mwaka 1970, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa soka chuoni hapo. Vijana ambao zamani wangekwenda Grambling sasa waliwindwa na vyuo vyenye fedha na viwanja vikubwa. Hiyo ilikuwa haki yao, na hakuna mwenye akili timamu anayetamani utengano urudi. Ila mlango ulifunguliwa kwa wachezaji, si kwa walimu wao. Mwaka 1985 Robinson alipata ushindi wa 324 na kuipita rekodi ya Bear Bryant, kocha maarufu wa Alabama. Ni mwaka 1979 tu ndipo chuo cha daraja la juu kilipompa mtu mweusi ukocha mkuu: Willie Jeffries, huko Wichita State. Katika ligi ya vyuo vikubwa vya kusini ilibidi kungoja hadi mwishoni mwa 2003, Sylvester Croom alipoajiriwa Mississippi State.

Robinson alistaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi 408, sare 15 na vipigo 165. Misimu yake mitatu ya mwisho ilikuwa ya kushindwa zaidi kuliko kushinda, na minong'ono ya kumtaka aondoke haikukosekana. Alipofariki mwaka 2007, mwili wake uliwekwa katika jengo la bunge la Louisiana ili wananchi wamuage, katika jimbo lilelile lililomfungia mlango ujanani.

Kwa hiyo swali la wanafunzi wangu nalijibu hivi: Robinson aliupinga mfumo kwa kuzalisha watu ambao mfumo ulisema hawawezi kuwepo. Lakini mageuzi yanayohamisha vipaji bila kuhamisha madaraka hayajakamilika. Wewe mtumishi wa umma unayesifu ofisi yako kwa idadi ya walioajiriwa kutoka makundi yaliyotengwa, na wewe mwanaharakati unayezihesabu nafasi hizo, ulizeni pia ni nani anayekaa kwenye kiti cha uamuzi, na taasisi iliyowalea watu hao imebakiwa na nini.