Usifute Kwanza

Mwaka 1983 kampuni ya IBM ilianza kuuza kompyuta iliyoitwa PC XT, yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Mfumo uliokuja nayo, PC DOS 2.0, uliandika mwanzoni mwa diski jedwali dogo linaloonyesha kila kipande cha diski kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Jedwali hilo, ambalo mafundi wanaliita MBR, lina nafasi ya vipande vinne tu, na hesabu zake zinagota kwenye terabaiti 2 na kidogo. Wakati ule terabaiti 2 kilikuwa kiasi ambacho hakuna mtu wa kawaida aliyefikiria kukijaza.

Huku kwetu, mwaka huo, hata hizo megabaiti 10 zingehitaji kibali. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne baada ya Uhuru wa Tanganyika. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine haikwenda vizuri, gharama ikapanda, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Rais alikuwa Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoa huu huu wa Mara. Vijana wengi wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi sicheki sana. Serikali iliyonunua mashine isiyoweza kuitengeneza yenyewe ilikuwa na haki ya kusimama na kuuliza. Ila jibu lililotolewa lilikuwa lile lile la mafundi wetu wa leo: kama haieleweki, ifute yote.

Marufuku ililegea polepole, na kompyuta zikaingia, nyingi zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Pamoja nazo ikazaliwa kazi ya mtaani inayoitwa kupiga Windows. Fundi ana meza, ana flashi, na kwa saa moja laptopu iliyokwama inarudi ikiwa mpya. Ni kazi ya heshima, imelea familia. Ubaya wake ni kwamba mteja akisharudi nyumbani ndipo anauliza picha zake ziko wapi.

Rukuba ni kisiwa cha Ziwa Victoria, upande wa Musoma, na watu wake wanaishi kwa uvuvi. Laptopu ikifa kule, kuipeleka kwa fundi ni safari ya boti, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi. Mwalimu mmoja wa kisiwani alipewa flashi na fundi wa mjini ili apige Windows mwenyewe, akielekezwa kwa simu. Kazi ilikwenda hadi kwenye ukurasa wa kuchagua diski, kisha ikagoma. Ujumbe wa Kiingereza ukasema Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa sababu imegawanywa kwa mtindo wa GPT.

"Mwalimu, hapo dawa ni moja, tuifute diski yote," fundi akasema.

"Fundi, mle mna alama za wanafunzi za miaka minne. Nikizifuta nitawaambia nini wazazi wao?"

Hapo nikapigiwa mimi.

GPT ni jedwali jipya lililokuja kuchukua nafasi ya lile la 1983. Lilizaliwa pamoja na EFI, programu ya kuamshia mashine ambayo Intel iliianza mwishoni mwa miaka ya 1990 badala ya BIOS ya zamani, na mwaka 2005 ikakabidhiwa kwa umoja wa makampuni na kuitwa UEFI. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, karibu kila laptopu mpya ya Windows ikawa inaamka kwa njia hiyo. Laptopu nyingi zimebaki na njia zote mbili, ya kale na mpya, na ugomvi unaanzia hapo. Ukiiamsha flashi kwa njia ya kale, Windows inadai jedwali la kale. Diski ya mwalimu ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosewa ni mlango.

Na flashi yenyewe haikuwa na mlango mpya. UEFI inalazimika kusoma FAT peke yake, nayo FAT32 haibebi faili moja linalofika gigabaiti 4. Faili kubwa la Windows siku hizi huzidi hapo, kwa hiyo mafundi wengi huandaa flashi kwa NTFS, na mashine nyingi zikiiona kwa njia ya UEFI huiruka.

Nikavuka na flashi mbili. Ya kwanza ilikuwa na Ubuntu, inayoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwa hiyo tulinakili kwanza mafaili yote ya mwalimu. Ya pili ilikuwa na Windows kwenye FAT32, lile faili kubwa likiwa limekatwa vipande. Kwenye menyu ya kuwashia (kwa HP ni F9, kwa Dell F12) tukachagua mstari ulioandikwa UEFI. Ujumbe haukutokea tena. Alama za watoto zilikuwa mahali pake.

Mwalimu aliuliza kwa nini ujumbe ule haukuja kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikatoa Kiswahili cha Windows. Lakini kile kilikuwa kama shuka juu ya godoro la Kiingereza: lazima Windows iwekwe kwanza, kisha Kiswahili kitandikwe. Mambo yakiharibika kabla ya hapo, unakuta godoro tupu.

Tuliweka Windows 10, kwa kuwa laptopu ile haina chipu ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Flashi ya Ubuntu nimeiacha kisiwani, na mwalimu ameshaanza kuandikia alama humo.