Wachora Picha wa Njia ya Shaba

Reli iliyotokea Élisabethville ilipofika Kambove mwaka 1913, haja yake ilikuwa shaba, ile ambayo wenyeji wa Katanga, nchini Kongo, walikuwa wakiichimba na kuisubu misalaba zama nyingi kabla kampuni ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906; wala walioiendeleza mpaka Bukama, ikafika mwaka 1918, hawakudhani kwamba kituo hicho kingekuja kutajwa katika tarehe ya sanaa.

Huko Bukama, mwaka 1926, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji, aliona kuta za nyumba zimepambwa kwa taswira, akamtafuta mwenye mkono huo, Albert Lubaki, ambaye riziki yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu, akampa karatasi na rangi za maji, ili kazi ambayo mvua ilitosha kuifuta ipate kudumu. Antoinette, mkewe Lubaki, naye alichora, ingawa jina lake halikutajwa sana kama la mumewe. Ihsani hiyo sikatai kwamba ilikuwa ihsani. Lakini ukutani picha ilitazamwa na kila mtoto apitaye, ilhali karatasi zilisafirishwa zikaonyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka uliofuata, mbali na macho yaliyozizoea.

Thiry alimpata pia, katika nchi ya Kasai, fundi cherehani aitwaye Djilatendo, na mwaka 1931 picha zake zikatiwa katika kitabu cha hekaya kilichochapwa Brussels kwa jina la mwandishi Badibanga, chenye anwani ya ndovu atembeaye juu ya mayai. Kwa rai yangu hapo ndipo Mkongo alipoingia rasmi katika kazi ya kupamba kitabu cha hadithi, kazi iliyo ngumu kuliko ya ukutani, kwa kuwa taswira hulazimika kukaa pamoja na maneno ya mtu mwingine bila ya kuyarudia wala kuyapinga. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, na wasomaji wake aghalabu walikuwa wa Ulaya.

Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua Élisabethville karakana iliyoitwa Hangar, wakatoka humo Pilipili Mulongoy, bingwa wa ndege na samaki, na Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Nao wanunuzi wao walikuwa zaidi Wazungu. Picha zilizoingia majumbani mwa wafanyakazi wa migodi zilikuja kwa gazeti la Union Minière, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957, na baadaye kwa Mwana Shaba Junior la watoto, lenye visa vya kuchorwa. Bila shaka kampuni ilikuwa na faida yake katika hilo, lakini mtoto asiyenunuliwa kitabu alipata cha kutazama.

Na katika zama zetu, Dominique Mwankumi, aliyezaliwa Kongo mwaka 1965, vitabu vyake vya picha huchapwa Paris na L'École des loisirs, naye ameasisi jumuiya ya Illusafrica kwa ajili ya kuwainua wachoraji wenziwe wa Afrika.